Bati Moja Limeng'oka, Mjomba

Mjomba Odera,

Usicheke kwanza. Mimi niliyeishia form two, na form two yangu ni nzito kuliko form four za watu, leo nimeshika kalamu. Kuna kitu nakushuku, na wewe hupatikani kwa simu.

Nyumba yako imeanza kuanguka.

Ngoja nianze mwanzo. Ulipoanguka ghafla shambani hapa Magunga, bila mke, bila nyumba yako mwenyewe, wazee walishika vichwa. Mwanaume wa Kijaluo hazikwi akitokea jikoni kwa mamake. Ilibidi ujengewe nyumba kabla hujatoka mochari. Siku mbili tu! Nikatoka machimboni Masara na vumbi kwenye kope, nikapanda juu, nikapiga paa lote mimi. Fundi waliyemwita alikuwa ananishikia ngazi, na asikane. Ukalala humo usiku mmoja, tukakuzika.

Sasa shuku yangu ya kwanza. Tangu urudi kutoka Dar, ulikokuwa ukiwapikia watawa wa Kibudha, mama yako, nyanya yangu Dani, alikuwa akikuomba ujenge. Ukamwambia, "Mama, hata huu mwili nimepanga tu." Pasta akasema umeliletea boma dini ya sanamu. Mimi nikasema huyu ni mvivu aliyeokota maneno matamu. Nani hujengewa nyumba bure kwa siku mbili? Mjomba, ulituchezea?

Maana ulikuwa na ujanja. Unakumbuka nilivyogombana na wenzangu wa shimo, nikaja kwako nikichemka? Ulikuwa unapepeta dagaa wa omena, hukuinua hata macho. "Hiyo hasira iko wapi? Nionyeshe." Nikakuonyesha ngumi. "Hiyo ni ngumi. Nataka hasira yenyewe." Nikatafuta kifuani, nikatafuta tumboni, na kadiri nilivyotafuta ndivyo ilivyopungua, mpaka nikaudhika kwamba umeniibia. "Na huyo anayetafuta," ukasema, "naye yuko wapi?" Nikakujibu yuko kichwani, kila mtu anajua. "Basi mwambie aje tule." Tukala. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa somo au ulikuwa na njaa.

Lakini nilikuona ukimlilia mbwa wako. Nikakurukia: si ulisema kila kitu hupita? Ukapangusa kamasi kwa shati. "Nilisema kinapita. Sikusema hakiumi." Hapo nikaanza kukuamini kidogo. Kidogo tu, usivimbe.

Sasa, wiki iliyopita upepo wa ziwani ulilegeza bati la kona. Likawa linagonga, ta, ta, ta, kama mtu aliyefungiwa ndani. Na mwiko unaujua: nyumba ya marehemu asiye na mke haizibwi, hairekebishwi, inaachwa ianguke yenyewe. Ukiigusa unalitia boma zima chira, watu waanze kukonda bila ugonjwa. Mimi, mjanja wa Masara, nikapanda mchana kweupe na nyundo. Nilikuwa kwenye msumari wa tatu Dani akatokea.

"Wewe mtoto wa msichana wangu! Unamjengea nani?"

"Ni bati tu, Dani. Likienda hili, yote yataenda."

"Ndiyo. Shuka."

Sikushuka. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu: kwamba hiyo nyumba ndiyo kitu chako kilichobaki, na ikianguka utakuwa umekufa mara ya pili, na mimi ile ya kwanza sijaimaliza. Sauti ikakatikia hapo juu, mbele ya kuku na kila mtu.

Dani akakaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu. "Odera hakulala humo hata siku moja akiwa hai," akasema. "Ni wewe umemweka humo."

Hapo ndipo shuku ya pili ilipozaliwa. Mlikuwa mmepatana! Huyu mama anabeba Biblia, hajui kama Budha ni mtu au ni mji, halafu anatoa maneno yako. Au ni wewe uliyeyabeba kutoka jikoni kwake, ukazunguka nayo Dar, ukarudi kujifanya umeyasoma huko?

Nikaing'oa misumari yote mitatu kwa mkono wangu. Wazee wakanichanganyia manyasi, dawa ya mitishamba ya kuniosha mwiko, chungu ajabu, nikanywa yote wakinitazama. Sikukunja uso. Nusu tu.

Jana bati likaenda. Lilitua kwenye mahindi. Nikakaa pale ulipozoea kukaa asubuhi, nikatazama lile tundu, mwanga unaingia ndani bila hodi. Kitu kikaniuma. Nikakitafuta kiko wapi, kama ulivyonifundisha, nikingoja kipungue. Mjomba, hicho hakikupungua. Hilo hukunieleza. Basi nikakaa nacho mpaka Dani akaniita nikale.

Nakuahidi sitapanda tena. Nyundo nimempa Dani aifiche, na nikianza kuitafuta nitajiuliza ni nani anayeitafuta. Kila nikitoka Masara nitapita kuona upepo umefika wapi, mpaka siku nitakayokuta nyasi tupu. Siku hiyo nitasimama hapo nikuulize tena kama ulituchezea.

Usijibu. Ukijibu nitakushuku zaidi.

Oriti, Mjomba. Nenda salama, kama kuna anayeenda.

Mpwa wako Okoth,
aliyepiga lile paa