Kichwa cha Mama Mdogo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na maumivu ya goti yamepungua. Baba msalimie sana, mwambie kile kikohozi asikifanyie ubishi, aende akapimwe. Mimi sijambo. Nywele zangu zimeota tena, na hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Najua mdogo wako ameshakusimulia kwamba niliwaambukiza mapunye wateja wake wa saluni. Alichonifanya mimi hakukwambia. Siku hiyo mteja mmoja alikuja kulalamika kuwa binti yake katokwa na mabaka ya duara kichwani na nywele zinakatika. Mama Mdogo alinivua kitambaa mbele ya watu, akaona nami nina baka nyuma ya sikio, akatangaza kuwa mchafu amepatikana. Alinikalisha kitini akaninyoa upara kwa mkono wake mwenyewe, wateja wakiangalia, wengine wakicheka. Kisha akanitoa nje na begi langu. Mama, nilimchukia palepale, na sijaacha.

Nesi wa zahanati ndiye aliyenituliza. Alinieleza kuwa mapunye si laana wala si uchafu wa mtu, ni fangasi, na huhama kwa kitana, taulo na kofia. Akaniuliza saluni tunatumia vitana gani. Nilicheka kwa hasira. Wewe unakijua kile kitana cheusi cha Mama Mdogo, alichoanzia kazi, ambacho ni marufuku kukiosha kwa sababu eti maji yataondoa nyota ya biashara. Kimepita kwenye kila kichwa mtaani, changu kikiwemo. Nesi alinipa vidonge, akanionya kuwa krimu peke yake haifiki kwenye shina la nywele, na kwamba nisikatishe dozi hata nikijiona nimepona. Kunyoa, alisema, hakutibu. Nilinyolewa bure.

Basi nikakodi kibaraza ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni yake, nikaanza kusuka. Vitana vyangu naviosha kwa sabuni na kuviloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu mbele ya mteja, tena kwa madaha, ili yule wa ng'ambo aone. Wateja wake wakaanza kuvuka. Kila aliyevuka nilimsuka huku naimba.

Halafu akavuka mwenyewe, wigi limembana hadi kwenye nyusi. Alininong'oneza kwamba kichwa kinamuwasha, kwamba amepaka krimu yake ya kung'arisha uso na mabaka yamezidi kusambaa, akaniomba kwa heshima yako wewe nimsaidie kwa siri. Nikamwambia dawa ipo, ila lazima anyolewe kwanza, na kwangu watu hunyolewa hapahapa kibarazani. Akakaa. Nilimvua wigi taratibu, nikamnyoa taratibu zaidi, wateja wake wa zamani wakitazama, machozi yakimtoka. Baada ya hapo ndipo nikampeleka kwa nesi, akapewa vidonge kama vyangu.

Sasa sikiliza ninalokuungamia. Nilijua kunyoa hakuhitajiki. Nilimdanganya makusudi, na sijawahi kuonja raha kama ile.

Lakini amepona, Mama, na anaamini ni wembe wangu uliomponya. Vidonge anasema vilikuwa vya kumalizia tu. Kile kitana amekitupa, hilo jema. Ila sasa kila binti anayeletwa na mapunye anamnyoa upara, kwa mapenzi kabisa, na kumrudisha nyumbani bila kidonge, akisema ndivyo alivyofundishwa na mwanawe, yaani mimi. Jana nilimsikia mmoja akilia hadi kwangu ng'ambo.

Nikimwambia ukweli itanibidi nimwombe radhi, na ulimi wangu unakataa. Mwandikie wewe, upesi, awapeleke watoto kwa nesi. Mwambie pia kwamba nilijua kunyoa hakutibu. Kichwa chake sikijutii. Najutia vile vidogo.

Wasalimie wote wa nyumbani, na unibusie wajukuu zako.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba