Ndege Anayetazama Nyuma

Shanghai, mwezi wa tisa, 1923

Kwa dada yangu mpenzi Guizhen,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini goti la mama limepoa tangu mvua zikatike, nawe hujambo. Mimi mzima, ila vumbi la mifupa limeniganda hadi kwenye nyusi. Samaki wakavu ulionitumia hawakudumu hata siku tatu. Wenzangu wa karakana wana pua kali, nikashindwa kuwaficha.

Kazi imetuzidi. Wamarekani wameupenda mchezo wetu wa majong kupita kiasi. Mifupa ya ng'ombe wao inakuja kwa meli, sisi tunaikata vigae, tunaitia migongo ya mianzi, tunaichonga, kisha inarudi kwao. Wanataka na namba zao pembeni, maana zetu hawazisomi. Bwana Lu, mwenye karakana, husema ng'ombe wao hufa mjinga, akarudi kwao amesoma.

Juzi alikuja mnunuzi wa kigeni na mkalimani wake. Akaokota kigae cha mwanzi mmoja, kile kinachochongwa ndege, akauliza nani kamchonga yule ndege. Unajua kila karakana ina ndege wake. Wetu hutazama nyuma, mdomo umelala juu ya bawa. Akasema mabibi wa kwao wanamtaka huyo tu. Bwana Lu akanishika bega mbele ya watu, akatangaza kwamba mwezi ujao nitasimamia meza ya wachongaji. Wenzangu wakanitania, eti mkubwa, usitusahau sisi walalahoi. Nilicheka nao, lakini wali wangu wa jioni niliwagawia.

Dada, ndege yule si wangu. Ni yule uliyemchonga kwenye kitana cha mama, kisu kilipoteleza ukamgeuza shingo ili kuficha kosa. Nilipokuja kuomba kazi wakataka kuona kazi ya mkono wangu, nami nilitoa kitana hicho, ulichonitilia mfukoni nichanie nywele njiani. Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika kisu, ukavumilia nilipoharibu mifupa ya ng'ombe aliyotuletea baba, na shukrani yangu ikawa kukuibia jina. Miaka miwili nimekula kwa mkono wako. Nimeona haya sana, dada. Nisamehe.

Jana nilimweleza Bwana Lu yote, nikingoja kufukuzwa. Aligonga kiko chake mezani, akaniambia nimemfanya akae na mwanafunzi miaka miwili, na mwalimu yuko kijijini anakosha mboga. Usimamizi wa meza amenivua. Sijalala vizuri hivi tangu nifike mji huu.

Katika furushi hili mna vigae arobaini. Seti kumi, kila moja na ndege wake wanne, zimekamilika kwa vingine vyote; hivi tumeviacha vyeupe. Bwana Lu anakuomba uvichonge ukiwa hapo hapo nyumbani, na ujira uje kwa jina lako.

Asante kwa yote, dada. Mwamkie mama, umwambie kitana chake kimo chini kabisa, kwenye kitambaa cha buluu. Meno yote yapo.

Mdogo wako,
Wenhai