Sindano ya Begani

Wanjiru wangu,

Huku Langas tuko wazima. Baba yako amemaliza kuvuna mahindi kabla mvua haijamharibia, na sasa analala. Umeniuliza kama mimi shosho, bibi yako, nitaogopa hizo sindano za tiba ya akupancha unazosomea. Mimi nilidungwa kabla hujazaliwa!

Ilikuwa baada ya vita vya uchaguzi, tukiishi kwenye hema. Nilitoroka kwetu Burnt Forest na mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, vile sisi hubeba kuni, na shingo ikakaza kabisa. Nesi mmoja alikuwa akitibu kwa sindano nyembamba kama unywele. Aliposema anaitwa Chebet, kwa jina hilo nikajua ni wa kabila la wale tuliokuwa tumewakimbia. Alitaka niiname, yeye asimame nyuma yangu. Nikakataa.

Hakukasirika. Alivuta stuli akaketi mbele yangu. "Basi tuanze na mkono, Mama. Hapa utaniona."

Akadunga kati ya kidole gumba na kile kinachofuata, akaniambia nizungushe kichwa polepole. Shingo ikalegea kidogo. "Imebaki bega," akasema, akangoja tu.

Nikajigeuza mwenyewe, nikateremsha leso niliyojifunga mabegani, nikainama. Tangu tutoroke nilikuwa sijapata usingizi wa maana. Alipomaliza, ilibidi aniamshe.

Kwa hivyo njoo na sindano zako. Wewe unaweza kuanza na bega.

Shosho wako anayekungoja