Kifua Kilie

Ndugu yangu Valeriani,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tangu siku tulipousimika msalaba juu ya kaburi lako sijafika tena pale, ingawa kutoka barazani kwangu napaona vizuri kila ukungu unapoinuka. Ninayo sababu, nami nitaieleza, ila si katika aya ya kwanza. Nilifundisha watoto miaka mingi kwamba barua huanza kwa salamu, habari hufuata, na jambo zito huja baadaye, msomaji akiisha kuketi.

Basi, salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Bado napiga goti mbele ya tabernakulo, lakini kuinuka kunanilazimu nishike benchi, na vijana wa siku hizi hunikimbilia kuninyanyua kama gunia la karoti. Wanangu wako Dar es Salaam. Huniletea salamu kwa madereva wa malori, nami huwarudishia kwa njia hiyo hiyo, pamoja na njegere.

Habari za kanisani ndizo nyingi. Unakumbuka lori la ushirika lilivyokuwa likija kwa siku yake, na likiharibika tunangoja? Siku hizi biashara imefunguliwa, na malori ya watu binafsi yanapanda Mgeta siku yoyote, hata Jumapili. Dereva hupiga honi barabarani Misa ikiwa katikati. Watu wanapokea Komunyo huku masikio yao yako kwenye kabichi. Honi ya pili ikilia, nusu ya mabenchi yanabaki matupu, na Paroko anawabariki wanawake wazee, mimi, na mabenchi yenyewe. Nilimweleza Paroko. Ni kijana, mtu wa bara, mwenye adabu. Alinijibu, "Mzee wangu, Mungu atawabariki humo humo kwenye lori." Sikucheka.

Wafanyabiashara hao hao wametununulia jenereta, vipaza sauti viwili na kinanda cha umeme. Kile kinanda chetu cha kukanyaga kimewekwa stoo, na nasikia panya wamezaa ndani. Kupiga makofi ni ruksa. Kucheza ni ruksa. Siku ya mavuno akina mama walikuja na sadaka wakicheza kutoka mlangoni hadi altareni, na mmoja alikuwa na jogoo aliyewika wakati wa Mageuzo, Paroko ameinua hostia. Nilitazama upande wa benchi lako ili tukunjiane uso, kama tulivyozoea. Benchi lako linakaliwa sasa na familia moja yenye watoto watano. Wanatafuna.

Nisikudanganye, kanisa linajaa. Wale vijana waliokuwa wakisimama nje na kuvuta sigara hadi tunaimba wimbo wa kutoka, sasa wamo ndani, tena mbele, wamevaa mashati ya mitumba yenye maneno ambayo nashukuru hawawezi kuyasoma. Jambo hili linanisumbua kuliko jogoo. Ningependa sana wawe wamekosea kwa kila njia.

Isipokuwa sikukuu, mimi husali Misa ya kwanza, ile isiyo na nyimbo, nyuma ya nguzo. Nilianza hivyo mwaka ule ule ulipofariki.

Unajua tulivyokuwa. Padre wa zamani alipotuambia kwamba Misa itakuwa ya Kiswahili badala ya Kilatini, watu walidhani mimi, mwalimu wa Kiswahili, ningefurahi kuliko wote. Nililia, nawe ulinikuta nikilia sakristia, ukaendelea kukunja vitambaa vya altare bila kusema neno, jambo ambalo nimelishukuru hadi leo. Ndipo ukaenda wewe, katekista usiye na makuu, kumwomba Padre atuachie wimbo mmoja tu. Akatuachia Kirie, wimbo wa kuomba huruma, mara moja kwa mwaka, siku ya Marehemu Wote. Mimi juu roshani, kwenye kinanda, naanza, wewe chini karibu na altare unaitika. Mara tatu, na tatu, na tatu. Hakukuwa na makofi. Watu walikuwa wakishusha vichwa wenyewe, bila kuambiwa.

Kulikuwa na kasoro moja. Ulimi wako, kama ndimi za wazee wengi wa huku juu, haukuipenda R. Hata jina lako mwenyewe ulilitamka Valeliani. Nami nikiita "Kirie", wewe uliitika "Kilie".

Nakumbuka mara ya kwanza nilipokusahihisha. Tulikuwa tunashuka kutoka kigangoni, kwenye kile kijia chembamba, wewe mbele na mfuko wa ubani. Nikakueleza kwamba neno lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni "Ee Bwana". Lakini ukisema "kilie" umesema Kiswahili, tena umesema kitenzi "lia" katika hali ya kuamuru, ngeli ya KI-VI. Nikakuuliza, kwa kejeli, "Kitu gani hicho kilie, Katekista? Kiti? Kikapu? Kiatu?"

Ulitembea hatua kama kumi. Kisha ukasema bila kugeuka, "Kifua, Mwalimu. Kifua kilie."

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Ningebaki na kicheko kile, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyezoea kalamu nyekundu hawezi kuona kosa akalipita.

Siku tuliyotangaziwa kuwa Askofu angekuja kusali nasi Misa ya Marehemu, tulifanya mazoezi kanisani, na watu wengi walikuwapo wakisafisha na kupamba. Uliitika "Kilie". Nikasimamisha kinanda. Ukarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu nikasema kutoka juu, na wewe unajua sauti yangu ilivyo: "Kama huwezi kutamka, Katekista, afadhali unyamaze. Askofu asije akadhani tunamchezea Mungu." Wanawake waliokuwa wakifagia waliacha kufagia. Wewe ulisema, "Haya, Mwalimu."

Siku ya Askofu uliitika kwa sauti ndogo sana, na miaka yote iliyofuata ikawa hivyo. Midomo yako ilikuwa ikisogea, na mimi, juu, nilikuwa sisikii kitu. Nilijiambia kwamba ule ulikuwa unyenyekevu. Niliwahi hata kukusifu kwa wengine: tazameni heshima ya Valeriani mbele ya altare.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nimesimama kidogo nikatembea barazani, nimerudi.

Siku yako ya mwisho mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Binti yako Skolastika alikuwa ameshuka barabarani kumngoja Padre aje na Mafuta Matakatifu. Tulibaki wawili. Ulikuwa umefumba macho, nami nilidhani umelala. Ghafla ukaanza kuimba. Wewe ndiye uliyeanza, safari hii, wewe ambaye siku zote ulikuwa mwitikaji. "Kilie..." Sauti ilikuwa nyembamba lakini imenyooka, kila noti mahali pake. Ukaiacha hapo, ukangoja.

Ulikuwa unaningoja mimi niitike.

Nami nikasema, "Kirie."

Sikuiimba, Valeriani. Niliisema tu, kama darasani. Ilinitoka kabla sijatambua. Ulifumbua macho ukanitazama. Laiti ungekasirika. Ukasema, "Haya, Mwalimu," ukayafumba tena. Padre alipoingia na viatu vyenye matope, ulikuwa huwezi kusema.

Neno langu la mwisho kwako lilikuwa sahihisho. Hii ndiyo sababu ya kimya changu. Ningekuja kaburini kusema nini?

Siku ya Marehemu iliyofuata, Paroko huyu mpya alikuwa ameelezwa desturi yetu. Akanitazama, akainamisha kichwa kuniruhusu. Nikaimba mstari wa kwanza. Nikangoja. Nilijua umekufa, nami nilikuwa miongoni mwa waliokutia udongo, lakini koo langu lilikuwa limezoea kungoja mahali pale, likangoja. Mtoto mmoja akalia. Watu wakaanza kugeuka. Paroko, kwa huruma, akaendelea, "Bwana, utuhurumie," na kanisa zima likamfuata. Nikakaa. Tangu hapo ndipo nilipohamia nyuma ya nguzo.

Wimbo wa kuitikizana hauimbwi na mtu mmoja. Nimejaribu hapa nyumbani. Ninaanza, kisha ninasikia birika.

Juma lililopita alikuja Skolastika. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya sasa, na ana sauti yako, isipokuwa haijui kunong'ona. Mara nyingi nikiwa barazani huisikia kutoka kwenye mazoezi, akimwambia mpiga kinanda, "Haya wewe, kinanda kilie!" Nami hushtuka kila mara, kisha hukubali moyoni kwamba ngeli ni sahihi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kinanda chenu kimeharibika?"

"Hakijaharibika, Mwalimu. Hata kingeharibika, nisingekupa furaha hiyo mapema hivi." Akakaa bila kukaribishwa, kama ulivyokuwa ukifanya. Akanieleza kwamba siku ya Marehemu, mwaka huu, kwaya inataka kuiimba Kirie yetu kwa ajili yako. Mimi nianze juu kama zamani, wao waitike. Kinanda kitafuata polepole. Mwishoni, alisema, ngoma moja, kwa mbali.

Nikamwambia wimbo ule hauna ngoma, na kwamba heshima ya mahali patakatifu ni ukimya. Nikamtolea mfano wako. Nikamwambia baba yake alikuwa akiitika kwa sauti ya chini kiasi kwamba malaika tu ndio waliosikia.

Aliangalia mikono yake. "Nisamehe, Mwalimu, wewe ni kama baba yangu. Lakini baba hakushusha sauti kwa ajili ya heshima. Alishusha kwa ajili ya R."

Akaendelea, sasa taratibu. "Kanisani alinong'ona. Kondeni aliimba. Akipalilia kabichi aliimba Kilie mpaka jirani wa ng'ambo anaitika. Sisi wote tumeijua kutoka kule. Akina mama wanaichotea maji. Hata wale madereva wanaijua. Ni wewe tu usiyeisikia."

Kisha, palepale kwenye ngazi za baraza langu, akaimba. "Kilie..." Akaiacha mahali pale pale ulipoiacha, akangoja.

Nilifungua kinywa. Nakuambia ukweli kwa kuwa huko uliko uongo hauna faida: sijui nilikuwa nataka kuitika au kusahihisha. Nikakohoa. Yeye akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akaniachia karatasi moja kubwa ya manila na kalamu ya wino mzito.

"Wengine wa kwaya ni wapya, hawajui maneno," alisema. "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Tuandikie kwa herufi kubwa, tutaibandika ukutani. Utakavyoandika, Mwalimu, ndivyo tutakavyoimba. Ukiandika kwa R, tutajikaza tuitamke R. Ukiandika kama baba, tutaimba kama baba. Usipoandika kabisa, basi, tutaimba 'Bwana, utuhurumie', hatutakulaumu."

Amenipa hadi Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Nimefikiri sana, na hoja ninazo pande zote mbili. Nikiandika L, naliharibu kwa mkono wangu neno nililolilinda maisha yangu yote, tena kwa herufi kubwa, ukutani mwa nyumba ya Mungu, ili watoto walisome. Nikiandika R, nakusahihisha tena, mara hii mbele ya parokia nzima, nawe huwezi hata kusema "Haya, Mwalimu." Na nikirudisha karatasi tupu, sitamwumiza mtu yeyote, nami nitabaki nyuma ya nguzo yangu na sarufi yangu, salama, hadi wanibebe.

Ile ngoma ya mwisho bado siikubali. Hilo mwambie Mungu.

Karatasi iko hapa mezani. Asubuhi niliichorea mistari kwa rula ili herufi zilingane. Saa sita nilianza kuandika. Nimeandika K. Nimeandika I. Hizo mbili zinafaa pande zote. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini, nikachukua karatasi hii nyingine nikuandikie wewe, kwa sababu mtu ninayepaswa kumwomba ushauri ndiye huyo huyo niliyemkosea.

Jua limetoka kidogo, na kutoka hapa nauona msalaba wako. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, na ukiwa mbele za Bwana uitike kwa sauti yako yote, kama kondeni. Nikishaamua herufi ya tatu nitakuandikia, na safari hiyo barua nitaileta mwenyewe hapo kaburini, kwa magoti haya haya.

Wako,
Mwalimu