Baba, Petikoti ya Nyumba Nimeiona

Baba mpendwa,

Mvua ya kwanza imenyesha Migwani jana mchana, na mimi nilikuwa nje nimevaa koti lako la mvua, lile la kijani lenye mfuko uliochanika. Nilizunguka nyumba mara tatu nikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Majirani walikuwa mbioni na mabeseni na mitungi, na mmoja alisimama kidogo kunishangaa. Najua ungecheka. Kisha ungeniuliza nimeona nini.

Nimeona mengi, na mengine si ya kujivunia. Ndiyo maana ninakuandikia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuonea haya? Kila mwaka wingu la Novemba lilipofunguka, kila boma lilitoa kila chombo kinachoweza kubeba maji. Mama, Mwaitu wetu, alipanga hadi sufuria za chai chini ya mabati. Wewe peke yako ulitoka mikono mitupu, ukaanza kuzunguka nyumba ukikagua kuta. Mwaitu alikuita kutoka mlangoni, "Ingia ndani, nyumba haina miguu." Hukuingia. Siku moja, nikiwa darasa la tano, ulinishika mkono ukanionyesha matone yanayodondoka kutoka kwenye mabati, jinsi yalivyochimba vishimo kando ya msingi na kurusha matope ukutani. "Huku kwetu tunalilia maji mwaka mzima," uliniambia, "kwa hivyo hakuna mtu anafikiria maji inaweza kuwa na ubaya." Mimi nilikuwa nataka tu kwenda kushika beseni langu.

Na petikoti, Baba. Hivyo ndivyo ulivyoiita ile karatasi nyeusi ya nailoni inayotandazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta, ili unyevu wa ardhini usipande juu. Mafundi wengine wanaiita dipisi. Wewe ulitaka ukingo wake uchungulie nje kidogo, mtu yeyote akipita aone nyumba imevaa. Kuna mama mmoja wa Kyuso uliyemjengea, aliukata kwa kisu ili nyumba yake ipendeze, nawe ukanuna njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa nacheka hadithi hiyo kila ulipoirudia, na uliirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa nikueleze yaliyotupata. Miezi michache baada ya kukuzika, ukuta wa chumba cha Mwaitu ulianza kuharibika. Rangi ilifura karibu na sakafu, ikabambuka, na chini yake kukawa na unga mweupe wa chumvi unaotoka ukiugusa kwa kidole. Baadaye alama ya unyevu ikapanda hadi kiunoni. Blanketi zake zikaanza kunuka kuvu, naye akawa anakohoa asubuhi. Mimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Salama, mtoto wa fundi, nilijiona najua. Nikatuma plasta ya simiti na rangi nzito ya kuzuia maji, ile ninayowasifia wateja wangu. Ukuta ulipendeza kwa msimu mmoja. Kisha rangi ikajaa malengelenge, na unyevu ukapanda juu zaidi ya pale ulipokuwa.

Kaka Mutua alisema tubomoe. Alikuwa tayari kumchukua Mwaitu akae naye Kitui mjini, na hapa tujenge nyumba ya mawe. Tuliketi Agosti na wajomba kujadili, na hapo ndipo nilipokukosea. Nilisema mbele ya wote, "Baba aliruka dipisi. Hii nyumba alijenga na mabaki ya kazi za watu." Nilikuwa shule ya bweni ulipoijenga hii mahali pa nyumba ya zamani, sikuona msingi. Lakini nilisema kama mtu aliyekuwepo.

Mwaitu alikuwa anamimina chai. Akaiweka chini birika. "Unaongelea baba yako hivyo na hayuko wa kujibu," alisema. Kisha akatugeukia wote, na hakupandisha sauti. "Kama alinijengea nyumba ya uongo, mtanionyesha na macho yangu. Mkinionyesha, nitatoka. Msiponionyesha, hakuna mtu ananiguzia hii nyumba."

Hakuninyima chai siku ile, lakini hakuniangalia tena. Nilirudi Salama. Nilijiambia kwamba nilichosema ni kweli tu, na ukweli hauna adabu wala hauna kosa. Lakini kila mteja aliyeniomba nailoni ya dipisi, nilikuona wewe.

Mwanzoni mwa Oktoba nilifunga duka kwa wiki moja nikaja. Nakiri sikuja kukutetea. Nilikuja kuchimba hadi kwenye msingi nimwonyeshe Mwaitu alichotaka kuonyeshwa, ahame kwenye kile chumba kabla kifua hakijamharibikia zaidi. Lakini nilipoinua jembe nilisikia sauti yako ya kazini, ile ya kuudhi: usianze kuchimba kabla hujauliza ukuta. Basi nikauliza.

Niliupapasa kwa mgongo wa mkono kama ulivyonifundisha, kutoka juu kwenda chini. Juu, chini ya mabati, palikuwa pakavu kabisa, kwa hivyo maji hayakutoka paani. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei, na bado chini palikuwa pabichi, kwa hivyo hayakutoka mawinguni. Mutua alikuwa ameshikilia kwamba ni pumzi za Mwaitu, eti analala amefunga dirisha. Nikakata kipande cha nailoni angavu, nikakibandika ukutani ndani ya chumba, nikaziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Siku ya pili matone yalikuwa yamejaa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta. Upande wa chumba ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na Mwaitu na dirisha lake hawakuwa na hatia.

Lakini mbona ukuta huo mmoja tu? Kuta nyingine tatu, tofali zilezile, mkono uleule, zilikuwa salama. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama kwa nje asubuhi nzima. Ndipo Mwaitu alipotoka na karai la maji aliyooshea vyombo, akayamwaga taratibu kwenye maua yaliyo chini ya dirisha lake. Nikamuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini. "Tangu baba yako aende," alisema. "Kila siku. Haya maua ndiyo yananipatia sababu ya kuamka." Kwetu, Baba, unajua hakuna mtu anayemwaga maji ya vyombo bure.

Hapo niliinuka kigodani, kwa sababu nilijua lile tuta la maua lilitoka wapi. Siku tulipokuwa tunasawazisha uwanja ili mahema ya mazishi yako yasimame, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza vijana. Udongo ulizidi. Wakauliza waupeleke wapi, nami nikasema wausukume ukutani, chini ya dirisha la Mwaitu, utakuwa bustani. Nilijisifu kwamba hata katika msiba nilifikiria maua.

Nilichimba polepole. Shibiri mbili chini ya udongo nilioleta mimi, nikaiona. Ukingo mweusi, umenyooka kama uliopimwa kwa uzi, umechungulia nje ya ukuta upana wa kidole. Petikoti, Baba. Uliivalisha nyumba ya mke wako kama ulivyozivalisha za watu, na labda kwa uangalifu zaidi. Mimi ndiye niliyeifunika, udongo ukagusa tofali juu yake, nikaupa unyevu ngazi ya kuiruka. Kisha nikaupaka ukuta simiti na rangi hata ukakosa pa kupumulia. Niliketi mle shimoni nikalia, na sikujali nani ananiona.

Mwaitu alikuja akasimama juu yangu na karai lake tupu. Aliangalia ile nailoni, akaangalia maua, akaelewa haraka kuliko nilivyotaka. "Kumbe ni mimi nimekuwa nikimwagia nyumba yake maji," alisema. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningeweza kubeba kosa langu, lakini sikuweza kuona kosa likitafuta njia ya kumfikia yeye, mtu aliyekuwa akikukumbuka kwa maji ya vyombo.

"Si wewe, Mwaitu," nilimwambia. "Ni mchanga wangu. Maji yako ilipata njia kwa sababu nilitengeneza njia."

Aliliweka karai ukingoni mwa shimo. Kisha akasema, "Basi kosa lako uliseme vile ulimsema baba yako. Mbele ya watu walewale."

Nimelisema. Jumapili ileile Mutua alikuja, na wajomba, nikawapeleka nje mmoja mmoja, nikawainamisha hadi shimoni waone. Mutua aliigusa ile nailoni kwa kidole, akavua shati akaanza kubeba udongo. Tumeushusha hadi petikoti ionekane tena. Tumeipa ardhi mteremko wa kwenda mbali na nyumba, na bomba la tangi linalomwaga maji yanayozidi, ambalo lilikuwa linaishia ukutani, tumelirefusha. Nimeikwangua rangi yangu yote. Ukuta umebaki uchi, mbaya wa kutazama, na utakaa hivyo hadi ukauke, hata kama ni mwaka mzima. Mwaitu amehamia chumba cha mbele kwa sasa, na kikohozi kimepungua.

Wateja wanaokuja dukani na malalamiko ya ukuta siwauzii rangi siku hizi kabla hawajanieleza udongo umefika wapi. Wengine wanakasirika na kwenda kwa jirani. Sawa tu.

Maua tumeyahamishia kwako, juu ya kaburi. Umeyaona bila shaka. Kila asubuhi Mwaitu anatembea na karai hadi mwisho wa boma, na anakaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kumwagilia maua.

Basi jana mvua iliponyesha nilizunguka. Maji yalianguka kutoka kwenye mabati, yakagusa ardhi, yakakwenda zake mbali na ukuta. Nilisimama pale chini ya dirisha nikitazama ule ukingo mweusi ukibaki mkavu. Nilitaka kukuomba msamaha kwa sauti, lakini mvua ilikuwa na kelele, na sikujua nianzie wapi. Ndipo nikasikia mtu akiniita kutoka mlangoni. "Ingia ndani," Mwaitu alisema. "Nyumba haina miguu."

Sikuingia, Baba. Nilizunguka mara moja zaidi, kwa niaba yako. Nilipofika tena mlangoni, alikuwa ametoka. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, anaangalia chini, kando ya ukuta.

Ni mimi mwanao, niliyekusingizia,
Kitinda mimba wako wa Salama