Sahani Nne za Damu ya Kondoo

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemtoa Bosi damu asubuhi. Bosi ni kondoo dume wa maabara, ana nongwa kunishinda mimi, lakini bila damu yake sahani za kuotesha vijidudu ni uji mtupu. Nimokokasi, yule mdudu wa kichomi, haoti bila damu. Mikono inanuka zizi mpaka sasa.

Rahma alikuwa ndani, penye darubini ya dirishani. Darubini yangu. Miaka kumi na minne nimeikalia mimi. Yeye kaja kutoka Unguja mwezi wa tano na shahada yake, akapewa. Eti macho yake bado mapya. Yangu yamechakaa, kumbe.

Jumanne, 5 Agosti
Mkutano wa asubuhi. Daktari Khatib kamsifu Rahma mbele ya wote kwa yule mzee wa kichomi wa wiki iliyopita. Kamwona mdudu kwenye makohozi, kamwotesha, kapima dawa ipi inamuua. Mzee karudi kwao kwa miguu yake. Makofi.

Kamwotesha wapi? Kiganjani? Hakuna aliyeuliza. Rahma mwenyewe hakusema. Nina wivu. Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Jumatano, 6 Agosti
Baada ya Adhuhuri Rahma kaja kuuliza kama sahani zimebaki. Nimemwambia zimekwisha, asubiri Jumatatu.

Zilikuwamo nne, chini kabisa ya friji, nyuma ya maboksi ya vipimo. Nilitaka akwame siku moja tu, ajue nani anamlisha.

Nusu saa haikupita, ikaja chupa ya maji ya uti wa mgongo. Mtoto wa miezi kumi, Nassor, wa Konde. Homa, degedege, shingo imekakamaa. Maji yale hutakiwa yawe meupe kama ya kunywa. Haya yalikuwa na ukungu. Rahma kayapaka kwenye kioo, katia rangi, kaniita nitazame. Zambarau, wawili wawili, ncha zimechongoka kama punje za mpunga. Nimokokasi; sikuhitaji shahada kumjua. Dawa ikaanza hapo hapo.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kuhusu sahani. Darubini inakwambia mdudu ni nani. Sahani ndiyo inayokwambia dawa gani atakubali kufa nayo. Lakini kusema ni kujitangaza mwongo. Nilikwenda kusali Alasiri, nikarudi, sikusema.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefika kabla ya wote, nimezitoa. Nimesema nimezikuta nyuma ya maboksi. Rahma kanishukuru! Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kapandikiza maji ya jana. Nina wasiwasi. Mdudu huyu nje ya mwili hana subira, hufa upesi. Na kumchoma mtoto sindano ya pili ya mgongo, tupate maji mapya, hakutasaidia, dawa imeshamwingia.

Bi Zuwena, mama yake, kaleta kadi ya kliniki. Chanjo ya kichomi ni tatu. Nassor ana moja. Mbili zilipita wakiwa kambini wakichuma karafuu.

"Nduguze wana makamasi tu, homa hawana," kaniambia. "Sasa huyu maradhi haya kayapatapi?"

Kayapata humo humo. Mdudu hukaa kimya puani mwa wakubwa. Akihamia kwa mdogo asiye na kinga hushuka kifuani, au hupita kwenye damu mpaka utando wa ubongo. Nimemweleza taratibu. Kaniita dada.

Ijumaa, 8 Agosti
Sahani tupu, hakuna kilichoota. Zote nne, nyekundu safi.

Homa ya mtoto haijashuka. Daktari kauliza abadilishe dawa au aendelee na ile ile. Rahma kajibu hatuna jibu la kumpa. Daktari kaongeza dawa ya pili kwa kubahatisha.

Kwenye kitabu cha maabara Rahma kaandika: sampuli ilichelewa kupandikizwa. Katia saini yake. Kosa langu, jina lake. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiosha vioo.

Jumapili, 10 Agosti
Homa imeshuka. Alhamdulillahi. Nimelia zizini, Bosi ananitazama.

Jumatatu, 11 Agosti
Sahani kumi na mbili. Zote nimemwekea Rahma mezani. Kauliza kwa nini najitaabisha hivi. Nikaenda kumlisha Bosi.

Jumatano, 20 Agosti
Nassor katoka leo. Siku kumi na nne za sindano. Bi Zuwena kapita maabara kuaga, mtoto mgongoni, na kifurushi cha halua. Kampa Rahma. Rahma kakisukuma kwangu.

"Mshukuru Bi Salama. Mie bila damu ya kondoo wake sioni kitu."

Daktari Khatib alikuwa mlangoni, akasikia. Akaitikia kwa kichwa. Miaka kumi na minne nilikuwa naingoja sentensi ile.

Nikazunguka nyuma ya mtoto, nikapiga makofi ili anigeukie acheke. Hakugeuka. Nikapiga tena, karibu na sikio. Alikuwa anatazama feni.

"Tangu juzi kazubaa tu," akasema mama yake.

Daktari kawapa siku ya kurudi kupimwa masikio. Walipoondoka nikamwambia Rahma kila kitu, tangu friji. Alizima taa ya darubini, akaifunika, akenda nje.

Sijui kama sahani nne zingemwachia masikio yake. Nimemuuliza daktari, naye hajui. Ugonjwa huu huyachukua hata dawa ikiwa sawa.

Halua iko mezani hapa kwangu Jadida. Sijaifungua.