Kichupa Juu ya Samawari

Jumamosi, 5 Oktoba

Dawa imefika! Nesi Tahmine amepiga simu kutoka Zahedan nikiwa nadarizi gauni la bibi harusi. Nikalitupa pembeni, sindano ikapotelea zuliani, mpaka sasa natembea nikinyata.

"Granaz, kichupa chako kipo. Kimoja tu, mzigo mwingine umekwama. Mtume mtu kabla sijazeeka."

Nilipaswa kudungwa tangu wiki iliyopita. Siku zote hizi nimekuwa nikijibeba kama trei ya mayai. Kukohoa naogopa. Kucheka naogopa zaidi.

Mume wangu Shahdad yuko Chabahar kwenye ujenzi. Barabara ya kutoka hapa Khash kwenda Zahedan ni mashimo matupu na daktari amenikataza safari. Wifi yangu Durdana ataniletea. Anakwenda kuchukua ya mwanawe Sazin pia, maana mtoto ana ugonjwa huu huu wangu. Damu yetu inaganda vizuri, kila mtu anashukuru, halafu kesho yake kidonda kinafunguka upya kana kwamba hakikufungwa. Tumeoana sisi kwa sisi tangu enzi za mababu, na haya ndiyo tumeachiana.

Mwezi wa tano sasa. Wawili waliotangulia hawakufika wa tatu. Sitaki kuwaandika.

Anapiga teke. Hasa nikila tende.

Jumapili, 6 Oktoba

Durdana amerudi magharibi na sanduku la barafu, vumbi mpaka kwenye kope. Vichupa viwili, changu na cha Sazin. Nimekiweka changu kwenye friji kwa mikono miwili. Nitajidunga kesho asubuhi kukiwa na mwanga, mishipa yangu inajificha sana taa ikiwa hafifu.

Nesi kanisomesha tena kwa simu, ingawa nayajua. Itoe kwenye friji, iache mezani ubaridi uishe wenyewe, au ishike kiganjani. Isione moto, isione jua, isione maji ya moto. Ukishachanganya usiitikise, izungushe taratibu. Ikiwa na ukungu au nyuzinyuzi, usijidunge.

"Hata kama ndiyo ya mwisho duniani?" nikamtania.

"Hata kama."

Shangazi alikuwa anasikiliza huku anakanda unga. "Kitu kimetoka kwenye barafu kiingie kwenye mishipa ya mwenye mimba! Hawa watu hawana mama zao?" Kwake yeye kila balaa ni baridi. Mimba zangu mbili zilitoka kwa baridi. Goti lake, baridi. Bei ya mchele kupanda, nadhani nayo ni baridi. Kanilisha changali, mkate uliovurugwa na tende na samli, mpaka nikashindwa kuinama. "Kula, tumbo la friji wee!"

Namcheka, lakini nampenda kuliko ninavyoweza kusema. Ni dada wa baba yangu na ni mama wa mume wangu. Yeye ndiye aliyenikata kitovu, na pale pale akaniposa kwa ajili ya Shahdad, kama desturi yetu ilivyo. Halafu kitovu kikaanza kuvuja damu. Wengine walikwisha anza kutafuta kitambaa cheupe cha sanda. Yeye alikaa amekibana kwa vidole vyake, halali, haachii, mpaka kikanyamaza. "Nilikuwa nakulinda mkwe wangu," husema.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sijui naandikaje.

Asubuhi nilitoa kichupa. Nikangoja. Nikachanganya poda na maji yake, nikazungusha polepole, hakuna povu, safi kabisa kama maji ya kisima. Nikaiweka mezani, nikafunga mpira mkononi, na simu ikalia. Shahdad. Ndani mtandao hausikiki, nikafungua mpira nikapanda darini. Alitaka kujua kama nimeshajidunga. Alitaka kujua kama anapiga mateke. Tukacheka kidogo. Tukabishana majina.

Niliposhuka meza ilikuwa tupu.

Kichupa kilikuwa juu ya samawari ya kuchemshia maji. Pale pale linapokaa birika la chai, mvuke unapanda. Shangazi amesimama kando, anatabasamu kama mtu aliyekufichia zawadi.

"Nimeitoa baridi, mwanangu. Sasa itaingia kama chai."

Nilikishika kwa mkono mtupu, kikaniunguza. Ndani nyuzi nyeupe zinaelea. Kama ute wa yai kwenye mchuzi.

"Imekuwaje?" akauliza. Uso wake ulianza kubadilika. Niliuona unabadilika! Na mdomo wangu ukasema kabla yangu: "Ilikuwa mbovu, Shangazi. Imetoka kiwandani hivi hivi. Si wewe."

Akapumua. Akanibusu utosini. "Nilijua tu! Dawa za hawa watu!"

Nikajifungia chumbani. Nikaichungulia ile dawa dirishani, nikaizungusha, nikajidanganya kwamba nyuzi zinapungua. Nilifika mpaka kwenye kufunga mpira tena. Nilifika mpaka kwenye mshipa. Mtu anayetaka mtoto anaweza kujidunga hata tope! Lakini hata kama ndiyo ya mwisho, alisema, na nikaiweka chini.

Nimempigia nesi. Nimemwambia ukweli, yeye peke yake. Akasema dawa nyingine hakuna. Nikauliza, nichukue ya Sazin? Hapana, akasema, ni kichupa kidogo cha mtoto, hakinitoshi, na yeye atabaki na nini. Nije nitundikiwe maji ya njano ya damu, yatasaidia mpaka mzigo ufike. Nije haraka, barabara au si barabara. Gari la jirani litapatikana alfajiri.

"Usimwambie mtu," nilimwomba. "Ni mama yangu."

"Lakini wewe utamwambia," akasema.

Jumanne, 8 Oktoba

Damu. Kidogo. Gari bado.

Alhamisi, 10 Oktoba

Zahedan, hospitali. Kitanda cha dirishani.

Ilianza kwa wingi tukiwa njiani, mahali pasipo na nyumba wala kivuli. Shangazi alinishika miguu juu, anaomba kwa sauti, anamtukana dereva, anaomba tena. Kitambaa chake cha kichwa alikivua mbele ya mwanamume asiye wake, akanikinga nacho. Sijawahi kumwona nywele zake nje ya nyumba.

Walinitundikia ile ya njano, mfuko juu ya mfuko. Mimi wameniwahi.

Alikuwa msichana.

Amekamilika. Kucha anazo! Hakuna aliyeniambia kwamba angekuwa na kucha.

Shahdad alifika na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, kisha akasema wanataka jina, hawezi kuzikwa bila jina. Jumatatu darini tulikuwa tumebishana majina na hatukumaliza. Nikasema Gohar, lile alilolitaka yeye. Akaitikia kwa kichwa tu. Wakamchukua ndani ya kile kitambaa cha Shangazi.

Jumapili, 13 Oktoba

Maziwa yametoka. Nimeamka nguo imelowa.

Basi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nyumbani. Wanawake wamejaa toka asubuhi. Wananiambia Mungu atanipa mwingine, wananiambia nisilie sana nitaharibu macho ya kudarizi. Mmoja alinisogelea sikioni, eti labda mume wangu angeoa nje ya ukoo. Shangazi alimsikia. "Na wewe labda ungekunywa chai yako kimya!" Hata mimi nilitaka kucheka, halafu nikalia kwa sababu nilitaka kucheka.

Kila anayeingia, Shangazi anamsimulia. "Dawa ilitoka kiwandani mbovu. Nimeiona kwa macho yangu, ilikuwa na nyuzi. Na mimi nilikuwa nimeshaipasha vizuri, maskini, ningejuaje." Anasimulia yote, hafichi kitu, kwa sababu hana cha kuficha. Mimi ndiye nimemfanya asiwe na cha kuficha.

Shahdad amekasirika. Anataka kwenda kliniki kupigana na mtu. Nimemwambia amwache nesi wa watu. "Kwa nini unawatetea?" akauliza. Nikasema nimechoka. Alinitazama usoni. Ananijua tangu tukiwa watoto, na najua aliona kuna kitu.

Durdana alikaa pembeni siku nzima. Alikuwa anasikiliza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimelala mchana kutwa. Nimeota anapiga teke. Nimeweka mkono.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo Durdana kaja na Sazin baada ya sala. Mtoto kanirukia kitandani, kafungua mdomo wote. "Mkaza mjomba, tazama! Linacheza!" Jino la mbele, la chini. Analisukuma kwa ulimi, linalala, linaamka. "Kesho litang'oka!" Ana fahari kama kaoa.

Nikauliza lini anadungwa. Kesho, ndiyo siku yake, akasema Durdana, akamtuma mtoto uani akaone kuku. Kisha akanishika mkono.

"Simdungi, Granaz. Nimelala na jambo hili nimeamka nalo. Chako na chake vimetoka sanduku moja. Kama chako kilikuwa kibovu, chake ni nini? Nimwingize mwanangu uchafu? Yaliyokupata wewe yanatosha."

Nikasema dawa yake ni nzima. Akasema unajuaje? Nikasema najua tu. "Na yako ulijua pia," akasema, kwa upole kabisa, na kwa upole huo akanimaliza.

Hapo Shangazi akaingia na sinia. "Mimi nasema msimnyime mtoto kabisa," akasema. "Mleteni hapa. Nitaipasha mwenyewe, polepole, siyo kama siku ile nilipochelewa. Labda ile ingepata moto mapema ingepona."

Durdana akafikiri. Niliona anafikiri! "Labda," akasema.

Jino litang'oka. Litatoka damu kidogo, ataitema, watacheka, wataliweka jino mahali. Damu itakauka. Na keshokutwa itaanza tena, na ndani yake hakutakuwa na kitu cha kuishika, kwa sababu dawa haikudungwa, au ilidungwa ikiwa imeiva. Kwa neno langu. Nililisema kumwokoa mtu mmoja asilie, nalo limekwenda limekaa juu ya mtoto.

Nimewaza njia zote. Nimwambie Durdana peke yake? Hatakaa nalo hata hatua moja, ana ulimi mwepesi, na litamfika Shangazi, mama yake, likiwa na miiba. Nimwite nesi aseme yeye? Ataambiwa anatetea kiwanda. Niibe kichupa nimdunge mtoto mwenyewe? Na safari ijayo je, na ile ya baadaye?

Hakuna. Lazima nimwambie mwanamke aliyenishika kitovu kwamba ni mkono wake. Nimechukia dawa, nimechukia samawari, nimejichukia, yeye tu nimeshindwa kumchukia, na yeye ndiye ninayekwenda kumvunja. Gohar sikumwokoa. Huyu naweza. Naweza, na moyo wangu unakataa kama punda.

Durdana nimemwambia asiondoke. Amekaa sebuleni, hajui anangoja nini. Sazin anafukuza kuku, namsikia anawasimulia habari za jino lake.

Nimeita. "Shangazi! Njoo peke yako. Funga mlango."

"Nakuja, roho yangu. Nikuletee na kitu cha moto?"

Nimesema hapana, njoo tu. Anavua viatu mlangoni. Anadhani nimemwita anibembeleze, amekwisha kunjua mikono. Naweka kalamu chini, nimwambie.